Matone Matatu kwa Dakika: Historia ya Kamba Inayokaa Kati ya Shafti na Maji



Leo tuache kidogo historia ya wafalme na mikataba, tuchukue historia ya tundu. Tundu moja tu, liko nyuma ya bato, chini ya maji, na ndani yake inapita shafti ya motere inayozungusha elisi. Swali lake ni rahisi kuuliza: ukitoboa bato chini ya maji kwa makusudi, halafu upitishe hapo chuma chenye kuzunguka mamia ya mara kwa dakika, utafanya nini ili maji yasiingie na kukuzamisha?

Karibu miaka mia mbili sasa, jibu la watu wengi ni kamba. Kamba ya pembe nne, iliyosukwa kwa nyuzi na kulowekwa ndani ya mafuta. Inakatwa vipande, kila kipande kinazungushiwa shafti kama pete, halafu pete zote zinabanwa ndani ya kisanduku cha bronzi. Wafaransa wanakiita presse-étoupe, na hapa kwetu ku atelie utasikia paka "presetupu". Étoupe ni zile nyuzi fupi zinazobaki wakati watu wanachana kitani ili watengeneze nguo. Ni takataka ya kitani. Kwa hiyo presetupu maana yake ni kitu kinachobana takataka ya kitani. Jina lenyewe linatoka shambani, na njo maana mtu wa agronomia kama mimi anajiruhusu kuandika juu ya mabato.

Kuna neno moja ambalo historia hii inarudilia kila mara: aliyetaka kuzuia maji yote kabisa, aliharibu shafti yake. Aliyekubali matone machache yapite, huyo alifika safari. Tufuate hiyo njia.

1. Pompi ilitangulia bato

Presetupu haikuzaliwa ndani ya maji ya bahari. Katika miaka ya 1670, Mwingereza Samuel Morland alitengeneza pompi yenye fimbo nene inayopanda na kushuka. Kitambo, pompi zilikuwa na ngozi iliyokwaruza ndani ya silinda yote, na ngozi hiyo ilichakaa haraka. Morland aliweka kizuizi pahali pamoja tu, pale fimbo inapoingilia. Ukitaka kurekebisha, unarekebisha pale mlangoni, huna haja ya kufungua mashini nzima.

Mwaka 1712, Thomas Newcomen alisimamisha mashini yake ya mvuke karibu na Dudley, Uingereza, kwa kutoa maji ndani ya mashimo ya makaa. Silinda yake ilikuwa wazi juu. Ili hewa isipenye pembeni ya pistoni, walizungushia pistoni ngozi na kuweka maji kidogo juu yake. Yaani maji yalitumika kuzuia hewa.

James Watt alipopata haki ya uvumbuzi wake mwaka 1769, alileta shida mpya. Yeye alifunga silinda juu. Sasa fimbo ya pistoni ikabidi ipite ndani ya kifuniko bila kuruhusu mvuke kutoka. Akatumia kile kile kisanduku: nyuzi za hempu (mmea wa jamaa moja na bangi, tusichekane) zilizopakwa shahamu ya ng'ombe, na kifuniko cha kuzibana. Kwa hiyo, wakati watu walipoanza kuweka elisi chini ya mabato, dawa ya tundu ilikuwa tayari inajulikana ku mashini za mvuke. Ilibakia kuipeleka chini ya maji.

2. Mkulima wa kondoo anatoboa bato

Mtu aliyesukuma elisi mbele kule Uingereza hakuwa injinia. Alikuwa mkulima, mfugaji wa kondoo, jina lake Francis Pettit Smith, akikaa Hendon karibu na London. Alikuwa akichezesha bato dogo la mfano ndani ya kiziwa cha maji, na mwaka 1836 akapata haki ya uvumbuzi. Mwaka ule ule, Mswidi John Ericsson naye alipata haki ya elisi ya namna yake. Wawili hao walikimbiza wazo moja, kila mtu kivyake.

Mwaka 1837 Smith alijaribu bato lake ku mfereji wa Paddington. Elisi yake ilikuwa ya mbao, ndefu kama skuruu kubwa yenye mizunguko miwili. Ikavunjika nusu ndani ya maji, na bato likaongeza mbio! Hapo akajua kwamba elisi fupi inafanya kazi vizuri zaidi. Mwaka 1838 ikafuata meli Archimedes, na mwaka 1843 ikashushwa majini meli kubwa ya chuma Great Britain ya Isambard Kingdom Brunel, ambayo mwaka 1845 ilivuka Atlantiki kwa elisi.

Juu ya nini watu walisitasita? Fikirini magurudumu ya zamani ya pembeni, yale yaliyopiga maji kama miguu ya bata. Shafti ya gurudumu inapita juu ya maji. Hata kama tundu lake haliko sawa, maji hayaingii wakati bato limetulia. Elisi ni kinyume: shafti yake inapita chini, pahali ambapo maji yanasukuma usiku na mchana, hata motere ikilala. Kuchagua elisi ilikuwa kukubali kuishi na tundu.

Tarehe 3 Aprili 1845 jeshi la majini la Uingereza lilifunga meli mbili mgongo kwa mgongo: Rattler yenye elisi na Alecto yenye magurudumu, nguvu zao zikikaribiana. Rattler ikaivuta Alecto kinyumenyume kwa mbio ya zaidi ya noti mbili. Wanahistoria wanakumbusha kwamba wakubwa wa jeshi walikuwa wamekwisha kuamua mambo ya elisi mbele ya siku ile, lakini watu walipenda ile picha. Kutoka hapo, tundu chini ya maji likawa sheria.

3. Royal Albert na mti wa uhai

Shida haikukawia. Shafti za kwanza zilizungukia ndani ya vilalio vya shaba na bronzi (kilalio nasema pale shafti inapoegemea ikizunguka). Uzito wa elisi, mchanga wa baharini na mtikisiko vilikula chuma kile haraka sana. Kilalio kikiisha, shafti inaanza kucheza. Shafti ikicheza, inapanua tundu la kamba, na maji yanaingia kwa nguvu.

Desemba 1855, wakati wa vita vya Krimea, meli ya kivita Royal Albert, yenye mizinga zaidi ya mia moja, ilipatwa na hayo. Maji yaliingia nyuma, kandokando ya shafti, na pompi hazikuyashinda. Kapiteni William Mends akaamua kuipandisha ufukweni ku kisiwa cha Kea, Ugiriki, kusudi isizame. Hakuna adui aliyeipiga. Ni tundu lake mwenyewe lililoishinda.

Dawa ilikuwa imekwisha kuanza kupatikana mwaka mmoja kabla. Mwaka 1854 injinia John Penn wa Greenwich, akishirikiana na Smith yule mkulima, alijaribu kitu ambacho kinaonekana kama mchezo: kuegemeza chuma juu ya mbao. Alipanga vipande vya mti mgumu ndani ya kilalio, akaacha nafasi ndogo katikati ya vipande ili maji ya bahari yapite na kupoza. Shaba iliisha haraka, mbao ikadumu.

Mti huo ni Guaiacum officinale, wa visiwa vya Karibi na upande wa kaskazini wa Amerika ya Kusini. Jina lake la biashara kwa Kilatini ni lignum vitae, yaani mti wa uhai, juu watu wa Ulaya waliutumia kama dawa. Ni mzito hata ukiutupa ndani ya maji unazama. Una utomvu mwingi ndani, na utomvu huo unalainisha wenyewe. Zaidi ya miaka mia, meli za dunia nzima ziliegemea juu ya mti huo. Bei yake nayo ilikuwa mti wenyewe: unakua polepole mno, ulikatwa sana, na leo biashara yake ya kimataifa inachungwa na mkataba wa CITES. Somo la misitu hilo, wandugu wa Eaux et Forêts mnalielewa.

Hapa tutofautishe vitu viwili ambavyo watu wanachanganya. Kilalio cha nje kinashika shafti isicheze. Kamba ya ndani inazuia maji. Kila kimoja kinategemea kingine. Ukiona mtu anabadilisha kamba mara kwa mara na maji bado yanaingia, ugonjwa hauko ku kamba. Uko ku kilalio, ao ku shafti iliyopinda, ao motere haikulingana sawa na shafti. Mfano mchungu zaidi ni meli ya kivita Prince of Wales, tarehe 10 Desemba 1941, karibu na Malaya. Torpedo ilipiga kando ya shafti moja ya nyuma. Shafti ikapinda, na ilipozungushwa ikararua vizuizi vya maji kwenye njia yake, bahari ikapata mlango mpaka ndani. Meli ilizama siku ile ile na watu 327 wakafa. Mabomu mengine yalikuwepo na torpedo zingine zilifuata, lakini mlango wa kwanza ulikuwa ule wa shafti.

4. Shamba ndani ya kisanduku

Sasa tuangalie kamba yenyewe. Juu ya nini kitani? Kitani, Linum usitatissimum, kinatoa nyuzi kutoka ganda la shina. Mkulima haukati, anaung'oa na mizizi ili asipoteze urefu wa uzi. Halafu anauacha ulowane, ndani ya maji ao chini ya umande, mpaka vijidudu vile gundi inayoshikamanisha nyuzi na shina. Akikosea siku, uzi unaoza ao unakataa kutoka. Baadaye anavunja mashina, anachana. Nyuzi ndefu zinaenda ku nguo na matanga, nyuzi fupi zinabakia étoupe.

Uzi huo una tabia mbili ambazo chuma hakina. Ukilowana, unavimba. Na ukilowana, unakuwa na nguvu kuliko ukiwa mkavu. Yaani maji, adui mwenyewe, yanaufanya ujae vizuri ndani ya kisanduku na kujiziba. Lakini kitani kikavu kinakula shafti kama msasa. Kwa hiyo kinapewa mafuta: zamani shahamu ya ng'ombe ao ya kondoo, baadaye nta na mafuta mazito ya petroli. Mafuta yanapunguza msuguano, yanazuia kuoza, na yanafunga nafasi ndogo ambazo uzi haufikii.

Na bado haitoshi. Msuguano unazaa joto. Joto likizidi, mafuta yanayeyuka na kutoroka, uzi unaungua na kuwa mgumu, na ule ugumu unachimba mfereji juu ya shafti. Kitu gani kitaondoa joto? Yale maji yenyewe. Matone machache yanayopita katikati ya kamba na shafti ndiyo yanapoza na kulainisha. Njo maana presetupu ya kamba isiyotoa hata tone wakati shafti inazunguka haiko nzima. Inaungua.

Tupige hesabu. Mafundi wengi wa mabato wanataka matone mawili ao matatu kwa dakika wakati shafti inazunguka, na hata tone moja lisitoke wakati imesimama, ao karibu na hivyo. Chukua matone matatu. Kwa saa moja ni matone 180. Mililita moja ni karibu matone 20, basi ni mililita 9, haifikii hata vijiko viwili vidogo vya chai. Sasa chukua tone moja kila sekunde: ni mililita 180 kwa saa, lita zaidi ya nne kwa siku nzima. Pompi ya bato haitatishika, lakini mwenye bato ajue kuna kitu kinaanza kulegea.

5. Ku mto wetu na ku ziwa letu

Hadithi hii ilifika Kongo mapema. Wamisionari wa Baptisti walimwagizia George Grenfell bato la mvuke kutoka kiwanda cha Thornycroft, London. Jina lake Peace, yaani Amani. Lilikuwa na elisi mbili, zilizofichwa ndani ya mifereji chini ya bato ili lipite pahali maji ni mafupi. Lilijaribiwa ku mto Thames mwaka 1882, likafunguliwa vipande, likaletwa mpaka kwenye mlango wa mto Kongo. Kutoka pale, juu ya maporomoko, wapagazi walibeba vipande kwa mamia ya mizigo, zaidi ya kilomita 300 kwa mguu, mpaka Pool, pale Kinshasa ya leo. Mafundi waliotumwa kuliunganisha walikufa na magonjwa. Grenfell akaliunganisha mwenyewe na wasaidizi wake, na mwaka 1884 likaelea.

Fikirini kile tunachoruka tukisoma historia hiyo darasani. Tunasoma tarehe, tunasoma Grenfell. Lakini bato lenye elisi mbili lina matundu mawili. Kila tundu linataka kamba, shahamu, na mkono wa mtu wa kukaza kidogo kidogo. Duka la kununua kamba ingine liko mbali, safari ya miezi. Haishangazi kwamba mabato mengi makubwa ya mto wetu yalibakia na gurudumu kubwa la nyuma: michanga ya mto haipendi elisi, na gurudumu halina tundu chini ya maji.

Ku Tanganyika, kuna ushahidi mwingine, wa mafuta. Meli ya Wajerumani Graf von Götzen ilitengenezwa Papenburg mwaka 1913, ikaletwa vipande ndani ya masanduku kupitia Dar es Salaam na reli, ikaunganishwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwezi Julai 1916, Wajerumani wakikimbia, waliizamisha wenyewe. Lakini mafundi walioijenga hawakutaka ife: walipaka mashini zake mafuta mazito kabla ya kuifunika na maji. Mwaka 1924 Waingereza waliiinua, wakakuta mashini bado zinafaa. Mwaka 1927 ikarudia kazi na jina la Liemba, jina la zamani la ziwa lenyewe. Miaka karibu minane chini ya ziwa, na kilichookoa chuma ni mafuta yaliyopakwa na watu waliofikiria kesho. Kanuni ni ile ile ya kamba yetu: pahali ambapo mafuta yamekaa, maji hayapati kazi.

6. Bato la matanga linapata motere

Meli za zamani zenye matanga na elisi pamoja zilikuwa na ugomvi ndani yao. Upepo ukiwa mzuri, elisi inakuwa mzigo unaoburuta maji. Meli kadhaa za kivita, kama Warrior ya mwaka 1860, ziliweza kuinua elisi yao juu kwa nguvu za mamia ya wanaume wakivuta kamba. Mabato ya matanga ya starehe nayo yalifuata: Sunbeam ya Thomas Brassey, iliyotengenezwa mwaka 1874, ilizunguka dunia mwaka 1876 na 1877 kwa matanga na mvuke. Karne ya 20 ikaleta motere ndogo za esansi na dizeli, na leo mabato mengi ya matanga ya safari ndefu, kule Ulaya na Marekani, yana motere, shafti na kile kisanduku.

Lakini bato la matanga linachosha kamba kwa namna yake. Linaweza kulala miezi bila motere kuwaka, kamba ikakauka na kuwa ngumu. Ao linasukumwa na upepo, na elisi inazunguka yenyewe bure, ikisugua kamba saa nyingi wakati hakuna mtu anayesikiliza upande wa nyuma. Kuchagua kamba kumekuwa ni kuchagua kati ya hizi:

Kitani chenye mafuta au nta. Ni cha bei ndogo, kinavimba vizuri, kinasamehe shafti iliyochakaa kidogo. Ila kinataka matone yake, na kinataka kubadilishwa.

Asbesto. Kuanzia mwisho wa karne ya 19 ilisukwa kuwa kamba juu haiogopi moto wa mashini za mvuke. Iliua watu kwa mapafu. Ufaransa iliikataza mwaka 1997, Umoja wa Ulaya mwaka 2005. Ukikuta kamba ya zamani ya kijivu ndani ya mashini kuukuu, usiikwaruze kavu na usiipulize.

Grafiti. Inapitisha joto vizuri na inateleza yenyewe. Lakini ni kaboni, na kaboni ikigusana na chuma ndani ya maji ya chumvi inazaa umeme mdogo unaokula shafti. Watu wa mabato ya bahari wanabishana juu yake mpaka leo.

Teflon. Roy Plunkett aliigundua kwa bahati mwaka 1938 ndani ya maabara ya DuPont, na mwaka 1969 Bob Gore akapata namna ya kuivuta iwe na matundu madogo sana. Kamba za kisasa zinachanganya nyuzi hizo. Zinadumu na zinatoa matone machache. Lakini Teflon haitoi joto haraka: ukiikaza sana, shafti inawaka moto mbele hujajua.

Halafu kuna vizuizi vya kisasa visivyo na kamba kabisa, vinavyobana uso wa kaboni juu ya uso wa chuma kwa msukumo wa mpira uliokunjwa kama akordeo. Havitoi tone, na ndani ya bato panakuwa pakavu. Ubaya wao ni namna vinavyokufa. Kamba inakufa polepole: kwanza matone matatu, halafu kumi, halafu thelathini, inakupigia kelele wiki nyingi. Mpira uliopasuka haupigi kelele, unafungua mlango mara moja. Kwa bato la bandari tajiri, yenye fundi kila kona, hiyo hatari inapimika. Kwa bato linalosafiri mbali na fundi, kitu kinachokufa polepole kina thamani yake.

7. Mkono wa fundi

Kazi yenyewe haijabadilika sana tangu Smith. Kwanza kipimo: toa upana wa shafti ku upana wa ndani wa kisanduku, gawanya kwa mbili. Shafti ya milimita 25 ndani ya kisanduku cha milimita 41 inataka kamba ya milimita 8. Usipige kamba nene kwa nyundo ili iingie.

Bato likiwa nje ya maji, unatoa kamba ya zamani yote, mpaka pete ya mwisho kule chini, bila kukwaruza shafti. Wengi wanaacha zile za chini, ngumu kama mawe, na kuongeza mpya juu yake. Hiyo ni kujenga nyumba juu ya choo. Halafu unazungushia kamba mpya juu ya shafti, unaikata ili miisho igusane sawasawa, bila pengo. Kila pete inakatwa peke yake. Usiweke kamba moja ndefu kama nyoka, juu maji yatafuata ule mzunguko mpaka ndani. Pete tatu ao nne zinatosha mara nyingi, na maungio yao yasikae mstari mmoja: kila moja unaigeuza theluthi ya duara.

Kisha ekru kubwa unaikaza kwa mkono tu. Bato likirudi majini, unawasha motere, unaacha kamba ijikalishe, unahesabu matone. Ukikaza, ni kidogo sana kila mara, halafu unangoja. Mwisho unafunga ekru ya pili inayoshikilia ya kwanza. Motere ikizimwa na shafti ikisimama, gusa kisanduku: kiwe baridi ao na uvuguvugu tu. Kikichoma, umekaza mno. Usiguse kamwe shafti inayozunguka. Na usisahau ule mpira unaounganisha kisanduku na bato, pamoja na pete zake za chuma: kamba nzuri juu ya mpira uliooza haisaidii kitu.

8. Kwa nini hii ituguse

Presetupu haiko ya mabato peke yake. Pompi nyingi za kumwagilia mashamba na za kusambaza maji zina kisanduku kile kile, kamba ile ile, sheria ile ile ya matone. Agronomi anayepewa mradi wa umwagiliaji atakutana nayo siku moja. Atakuta mlinzi mwema amekaza mpaka tone likaisha, juu mkubwa fulani alilalamika kwamba pompi "inavuja", na baada ya muda shafti imekwisha kuliwa. Hapo mradi unaandika ripoti kwamba pompi ilikuwa mbaya, na pesa ya pompi mpya inatafutwa, wakati kilichokosekana ni kamba ya mita moja na mtu wa kuhesabu matone.

Historia tuliyofundishwa inapenda siku ya kushusha meli majini, siku ya utepe na picha. Historia ya tundu inatuonyesha watu wengine: aliyeng'oa kitani na mizizi, aliyekata mti wa uhai, mpagazi aliyebeba shafti ya Peace juu ya milima, fundi aliyepaka Liemba mafuta akijua haitakuwa yake tena. Na yule anayeshuka nyuma ya bato asubuhi na tochi, anahesabu kwa dakika moja, anapanda tena bila kugusa ekru.

Wandugu mnaofanya ku mabato ya Kivu na Tanganyika, ku pompi za Rejideso ao za mashamba: kwenu matone yanahesabiwa na nani?